Jaketi Jepesi na Mashine ya Mama Koku

Wiki iliyopita vijana wawili wanaopiga mbizi kwenye vizimba vya samaki huku kwetu Ilemela walinijia nyumbani na simu zao. Walitaka nitazame picha za majaketi ya mbizi, yale mepesi ya kusafiria, niwaambie wanunue lipi. "Shikamoo, Mzee Mabula. Tumekuja kwako kwa sababu wewe ni mtaalamu," wakasema. Nikaitikia marahaba, nikavaa miwani, nikakunja uso kama hakimu. Mke wangu alikuwa anapepeta mchele pembeni. Aliposikia neno mtaalamu akaweka ungo chini, akaingia ndani, na nikamsikia akicheka huko jikoni mpaka akapaliwa.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi wote mnaofanya kazi hii siku hizi, mjue Mama Shija alikuwa anacheka nini. Mkimaliza kusoma na ninyi mtacheka. Nimeshazoea.

Jaketi la mbizi, kwa asiyelijua, ni kizibao chenye mfuko wa hewa ndani yake. Mtungi unafungwa mgongoni. Ukibonyeza kitufe, hewa inatoka kwenye mtungi na kuingia kwenye jaketi, unapanda, ukiitoa, unashuka. Kazi yake ni kukuweka wewe pale unapotaka kuwa ndani ya maji. Nasisitiza neno wewe, kwa sababu mimi nilichelewa sana kulielewa.

Miaka mingi nilifanya kazi kwenye karakana ya shirika moja la umma, nikisafisha mapangaboi ya meli na kuzibua mabomba chini ya ziwa. Msimamizi wangu alikuwa Mzee Magesa, Mjita mwembamba aliyejifunzia mbizi pwani, mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache alinisemea mimi. Jaketi langu la wakati huo lilikuwa na bamba la chuma mgongoni. Likilowa, lilihitaji watu wawili kulitundika. Hatukujali, shirika lilikuwa na gari. Kisha yakaja mambo ya soko huria, mashirika yakaanza kupunguza watu, na sisi wapiga mbizi tukaonekana watu wa kupunguzwa. Siku tuliyotoka getini mimi nilikuwa nimenyong'onyea. Mzee Magesa akaniambia, "Mabula, wamepunguza watu. Ziwa hawajalipunguza. Vitu vitaendelea kuzama."

Akasema kweli. Viwanda vya minofu ya sangara viliota ufukweni kama uyoga, magugu maji yakaziba mabomba yao, na kila aliyepata mtaji kidogo alinunua boti na mashine ya kuifunga nyuma. Tukawa na kazi kuliko zamani, ila gari ndilo hatukuwa nalo. Tukasafiri kwa basi, kwa kivuko, kwa baiskeli, na kwa mgongo wangu. Safari moja tulikwenda Magu kutoa pampu iliyotumbukia kwenye bwawa la mashamba ya mpunga. Nilifika nimejikunja, sikuweza kunyooka. Mwenye bwawa akadhani namwinamia kwa heshima, naye akaniinamia. Tukakaa hivyo hivyo tukiulizana habari za nyumbani.

Ndipo nikaapa kutafuta vifaa vyepesi.

Ninyi mnachagua kwenye simu. Mimi nililichagua langu kwenye mitumba. Enzi hizo mabelo yalikuwa yanapasuliwa sokoni kila asubuhi, na watu tuliozoea kupanga foleni ya kitambaa cha aina moja tulikuwa tumepagawa. Katikati ya makoti ya baridi nikaliona limening'inizwa: jaketi la mbizi halisi, la zambarau, lenye mistari ya waridi. Muuzaji hakujua ni kitu gani. "Koti la rubani hilo, mzee," akaniambia. "Lina mpaka bomba la kuongelea." Nikajifanya silitaki, nikaulizia suruali kwanza, nikatukana kidogo rangi yake. Ndani nikakuta lebo yenye kipicha cha ndege. Nikalikunja, likaingia kwapani. Hapo nikajua Mungu ameniona.

Hilo, wanangu, ndilo lilikuwa kosa la kwanza. Nililichagua kwa kulikunja. Kukunjika pekee hakulifanyi jaketi likufae majini, na wepesi wa dukani si wepesi wenyewe. Yapo majaketi yenye sponji ndani yanayokunywa maji kuliko ng'ombe wa Shinyanga; yakiwa makavu unayanyanyua kwa kidole, yakilowa yanakuvunja bega. Ukiweza, lizamishe kwenye beseni kwanza, kisha ulinyanyue. Lijaze hewa jioni ulilalishe, asubuhi ulibonyeze uone kama limelegea. Mimi sikufanya lolote kati ya hayo. Nililipeleka nyumbani nikalivaa sebuleni.

Mama Shija akalizunguka. "Baba Shija, hii picha ya ndege ni ya nini?"

"Maana yake ni la kusafiria."

"Kwani kivuko cha Kamanga siku hizi kinaruka?"

Nikamweleza habari za uzito. Akasikiliza vizuri, kisha akautazama mtungi wangu wa chuma uliosimama kando ya kabati. "Na huyu?"

"Huyo hana mbadala. Lazima aende."

"Basi wewe ni kama mtu aliyejitwisha gunia la pamba, akavua kofia ili apunguze mzigo."

Nikalivua, nikampelekea Mzee Magesa.

Mzee Magesa hakucheka. Alinipeleka ufukweni, kwenye maji yaliyofika kifuani, akaniambia nifunge kila kitu kama siku ya kazi, mtungi ukiwa umejaa, nilijaze jaketi hewa kisha nikunje miguu. Kichwa kikibaki juu bila kupiga mateke, jaketi linakutosha. Nikakunja miguu. Kilichobaki juu ni nywele. Nilikuwa nimevaa mkanda wangu wa zamani wenye vipande vyote vya risasi vya kumshusha mpiga mbizi chini, vile nilivyorithi kutoka kwa watu wa pwani. Lakini maji ya chumvi yanambeba mtu, ya ziwa letu yanamwachia ajibebe mwenyewe. Mzigo wa kule ukiuleta huku unakuwa jiwe la kukuzamisha. Mzee akachomoa kipande kimoja, yakatokea macho. Akachomoa kingine, ikatokea pua. Akaendelea mpaka nikapata kidevu, kisha akavipima mkononi vile alivyovitoa. "Hivi ulikuwa unavibeba mpaka Sengerema?"

"Ndiyo, mzee."

"Huko hakuna mawe?"

Mimi mtu wa Mwanza, nyumba yangu imejengwa juu ya jabali na choo changu kilichukua mwaka mzima kuchimbwa kwa sababu ya mawe, nilikuwa nasafirisha uzito kwenda kwa watu wenye mawe yao. Tangu siku hiyo Mama Shija akanishonea mifuko ya turubai. Tukifika mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, naijaza mawe, tukimaliza namwaga. Ila sharti moja, na hili si la kucheka: mfuko wa uzito lazima uweze kuutupa kwa mkono mmoja, bila kufikiri, hata ukiwa umechanganyikiwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Jaketi lilishonwa kwa ajili ya mtu mnene aliyevaa suti nene ya mpira. Mimi nilipiga mbizi na ovaroli. Likijaa hewa lilinipanda mpaka masikioni, nikawa kobe. Mama Shija akakata mguu wa jinzi akalitia mkanda wa kupita katikati ya mapaja, likatulia. Mzee Magesa akabonyezabonyeza kifungo cha plastiki cha kifuani. "Hiki kitakatika," akasema. Nikamweleza kwamba plastiki za Ulaya si kama zetu. Nikadhani nimemshinda.

Sasa twende Kamanga.

Mama Koku alikuwa Mhaya wa Bukoba, karani wa zamani wa chama cha ushirika, na yeye akiwa amepunguzwa kazini kama sisi. Kiinua mgongo chake chote alikitia kwenye mashine ya boti. Boti ilizunguka visiwani kukusanya sangara na kuwaleta kiwandani, na shughuli ilikuwa imeanza kukaa sawa. Kisha asubuhi moja, boti ikikaribia mwalo wa Kamanga, mashine ikachomoka kwenye ubao. Vishikio vilikuwa vimelegea, na hakuna aliyeifunga kamba ya akiba. Vijana wake walifanya jambo moja la maana, walitupa boya hapohapo ilipozamia.

Alitupokea mwaloni amevaa kitenge na viatu vyake vya ofisini. Akamwamkia Mzee Magesa, akatuambia karibuni, kisha akasema bila kuzungusha, "Nisiwafiche. Mashine ikitoka nzima, naendelea na maisha. Isipotoka narudi Bukoba kwa kaka yangu. Aliniambia tangu mwanzo kwamba ziwa si la wanawake. Atanipokea vizuri sana, na atanikumbusha kila siku wakati wa kula."

Mzee Magesa akauliza kwanza kama fundi yupo. Shikeni na hili: mashine iliyozama usikimbilie kuitoa. Ikiwa bado majini inaweza kusubiri. Ikishaonja hewa, kutu inaanza kuila papo hapo, kwa hiyo fundi awe ameshakaa na spana mkononi. Fundi alikuwepo, Masanja, amekwisha kutandaza turubai.

Nikashuka. Ziwa letu si lile la kwenye picha za simu zenu. Ukishuka kidogo tu ni chai ya rangi, ukizidi kushuka ni kupapasa. Nikaipapasa mashine imesimama kwenye matope mpaka nusu. Nikafunga kamba, nikatoka, vijana wakavuta kutoka kwenye mtumbwi. Matope yakakataa. Mtumbwi ukainama ukaanza kunywa maji, Mzee akawaambia waache. Kuiburuta mpaka ufukweni haikuwezekana, katikati palikuwa na mawe matupu, ingefika vipandevipande. "Nakwenda kwa watu wa kivuko kuomba pipa tupu," Mzee Magesa akaniambia. "Wewe subiri."

Nikatazama ufukweni. Mama Koku alikuwa amesimama palepale, viatu vimeanza kulowa. Kifuani mwangu palikuwa na jaketi lenye picha ya ndege. Nikawaambia vijana nakwenda kuangalia fundo.

Kule chini nikafunga kamba fupi kutoka kwenye mashine mpaka kwenye pete ya mkanda wa kifuani mwangu, nikabonyeza kitufe. Jaketi likavimba, likanibana mbavu. Mkanda wa jinzi ukanipa salamu ambayo wanaume mtaielewa. Mashine ikatikisika, nikafurahi, nikabonyeza tena. Nilikuwa tayari naisikia sauti ya Mama Koku akinishukuru. Hapo plastiki ya Ulaya ikakatika, pete ikachomoka na kamba yake.

Mashine ikabaki, mimi nikaondoka. Nilipumua nje kwa nguvu njia nzima, na hilo ndilo jambo pekee la akili nililofanya asubuhi ile, maana anayepanda kasi akibana pumzi, mapafu yake yanapasuka. Huo ni utani niliokaribia kuulipia kwa roho yangu. Jaketi, likiwa halina kifungo cha juu, lilikuwa limenishuka mpaka kiunoni, kwa hiyo nilipofika juu kilichotangulia kutoka ni miguu yenye mapezi ya mpira ya kuogelea. Na kivuko ndiyo kilikuwa kinaingia, kimejaa abiria waliosimama pembeni kutazama nchi kavu.

"Samaki gani yule?" nilimsikia mmoja akiuliza nilipopata kugeuka.

"Si samaki, ni mtu."

"Mtu gani ana mapezi?"

"Labda wa kiwandani."

Kivuko kizima kilicheka. Vijana wa mtumbwi walicheka. Fundi Masanja alijifunika uso na kipande cha turubai. Asiyecheka alikuwa Mama Koku. Yeye hata hakunitazama. Alikuwa anatazama maji ya pembeni yangu, kuona kama mashine nayo imetoka. Kicheko cha wale wengine nimeshakisahau, lakini macho yale niliyaonea aibu kweli.

Mawimbi ya kivuko yakanisogeza kwenye mawe wanakochota maji wanawake, na kitu kikanigonga kisogoni. Kilikuwa dumu la njano, yale yaliyoletwa na mafuta ya kula kutoka nje, yakabaki kuwa ndoo za nchi nzima. "Wewe wa zambarau," akaniita bibi mmoja, "nisukumie dumu langu." Nikalikandamiza ili nimrushie. Likakataa kuzama. Nikalikandamiza kwa mikono yote miwili, likaruka likanipiga pua. Nikabaki nalitazama.

Mzee Magesa akarudi mikono mitupu, pipa halikupatikana. Nikamwonyesha dumu. Akalitazama, akanitazama na mimi. "Umeyawaza haya ukiwa kichwa chini?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi uwe unakaa hivyo."

Kuomba dumu kwa mwanamke aliyekuja kuchota maji si jambo dogo. Nyumbani jiko limewashwa, na sufuria inasubiri. Mama Koku akavua viatu, akaenda mwenyewe kuwaeleza. Wakashauriana kwa Kisukuma. Yule bibi akasema, "Chukueni, kwa ajili ya mwanamke mwenzetu. Lakini watoto hawajala, na sisi hatuondoki hapa." Wakatoa madumu manne, wakakaa juu ya mawe, wakatukodolea macho. Kwa hiyo sasa, juu ya mashine ya Mama Koku, nilikuwa nimebeba na chakula cha mchana cha nyumba nne.

Mzee Magesa akanishonea kifungo cha jaketi kwa uzi wa nyavu, mshono wa mtu mwenye hasira, nikashuka. Hivi ndivyo inavyofanyika. Dumu unalishusha limejaa maji, kifuniko kimetolewa. Unalifunga kwa mkono wake kwenye mashine. Kwa kuwa mkono uko upande wa mdomo, likipata hewa litajigeuza lenyewe, mdomo chini, tako juu. Unatia hewa mdomoni mwake kutoka kwenye mtungi, maji yanatoka. Kifuniko usikirudishe, hewa inatanuka ikipanda na lazima ipate pa kutokea. Unajaza moja, la pili, la tatu, kisha la mwisho unalitia hewa kidogokidogo huku umekaa kando. Matope hayaachii polepole. Yanashikilia, yanashikilia, halafu yanaachia mara moja, na wewe usiwe juu yake.

Yakaachia. Nilihisi maji yakinipita usoni, kisha nikasikia vigelegele kutoka huko juu, sauti nyembamba kama ya mbu. Nilipotoka, safari hii kichwa kikitangulia, madumu manne ya njano yalikuwa yanaelea matako juu na vijana wanayavuta. Mama Koku alikuwa ameketi ndani ya maji, na kitenge chake, akilia bila kuficha. Na mimi nililia. Faida ya kazi yetu ni kwamba hakuna anayejua.

Wanawake wakachota maji yao wakaenda. Masanja akafungua, akaosha, akakausha, akafunga. Alasiri mashine ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikanguruma. Mama Koku alikuwa amekwisha kutafuta kamba, akaifunga ya akiba yeye mwenyewe, mafundo matatu.

Sasa mnajua usafiri wa kwetu. Aliyekufanyia kazi haondoki mikono mitupu. Akaja Mama Koku na sangara. Wakarudi wale wanawake, mmoja na mchele, mwingine na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, yule bibi na jogoo mzima. Kukataa ni matusi. Michembe ikaingia kwenye begi la jaketi, na jaketi likakosa pa kukaa. Kwa hiyo nikapanda kivuko cha kurudi Mwanza nimelivaa, zambarau na waridi, jogoo kwapani.

Kivuko kilipoondoka nikaona watu wananitazama vibaya. Bwana mmoja akasogea, akainama sikioni mwangu. "Mzee, umesikia nini kuhusu kivuko hiki?"

"Sijasikia kitu. Begi limejaa michembe."

Hakuamini. Akabaki karibu yangu. Akaja na mwingine.

Pembeni yetu alikaa dada mmoja na mtoto mdogo, ameshika chuma cha benchi kana kwamba ndicho kinachoelea. Ilionekana hajazoea maji. Baada ya muda akanigeukia. "Shikamoo, baba. Naomba unishikie mtoto."

"Marahaba. Unataka kwenda wapi?"

"Siendi popote. Ila wewe una jaketi."

Nilitaka kumwambia ukweli: kwamba ni la mitumba, limeshonwa na uzi wa nyavu, na asubuhi ile ile lilishindwa kazi mbele ya watu wote. Nikamtazama Mzee Magesa anisaidie kwa neno lake moja la kunikata. Alinyoosha mikono akampokea jogoo. Nikalipuliza jaketi kwa mdomo mpaka likajaa, nikampokea mtoto, nikamweka kifuani. Akalala. Sikucheka wala sikujitikisa mpaka tulipogusa Mwanza.

Kwa hiyo ninyi wawili wa Ilemela, sikuwajibu siku ile kwa sababu Mama Shija alikuwa anacheka. Chagueni lolote, jepesi kadiri mnavyotaka, la rangi mnayotaka. Mkishalinunua njooni kwangu Jumamosi twende pale kwenye maji ya kifua. Tangu safari ile sijawahi kulipima jaketi bila kushika kifuani kifuko cha mchanga, kizito kama mtoto anayeanza kukaa. Mchanga ninao.